Bata wangu kararuliwa na mbwa mgongoni. Nimshone mwenyewe?

Mama_Cherehani (Muheza), Jumatatu saa 2:10 asubuhi

Wakuu, salaam. Naombeni msaada wa haraka, matani baadaye.

Nina bata jike, hawa bata wetu wa kawaida wenye nyama nyekundu usoni, wasiolia ila kupuliza tu kama tairi linalotoka upepo. Jina lake Shangazi. Mwanangu ndiye aliyemwita hivyo, kwa sababu akikuona anakujia akitikisa kichwa na kupuliza, kama shangazi aliyefika msibani akakuta hajawekewa kiti. Mwanangu kaanza kidato cha kwanza Januari, yuko bweni, na siku ya kuondoka aliniachia vitu viwili: baiskeli na Shangazi. Baiskeli ina pancha tangu Februari. Shangazi nilikuwa najitahidi naye.

Jana usiku mbwa wa jirani kakata kamba kaingia bandani. Bata huyu hana sauti, kwa hiyo sikusikia kitu mpaka kuku walipoanza kelele, kama saa kumi alfajiri. Kutoka na tochi, namkuta mbwa kamkalia. Nikamtupia kandambili, akakimbia. Shangazi akajikokota mpaka nyuma ya pipa la maji, akajikunyata humo.

Hali yake ni hii. Mgongoni, juu kidogo ya mkia, ngozi imechanika na kufunuka kama mfuko wa shati uliofumuka pande tatu ukabaki umeshikwa na upande mmoja. Ukubwa wake ni kama kisanduku cha kiberiti. Nyama nyekundu inaonekana. Chini ya bawa la kushoto kuna matundu mawili ya meno. Manyoya ya mkia karibu yote yamekwenda. Damu ilitoka nyingi, nikakandamiza kwa kitambaa bila kuachia, sasa imekata. Kafumba macho, miguu ya baridi. Maji anakunywa akisogezewa, chakula hataki.

Jirani (mwenye mbwa!) ananiambia, "Chinja angali ana roho, mama, usije ukakosa vyote." Mwingine kaja na vidonge vya rangi mbili, anataka nivipasue ninyunyize ule unga. Dada yangu kwenye simu anasema mafuta ya taa. Afisa mifugo wa kata simu yake inaita tu.

Swali langu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na nane huu. Sindano ninazo, uzi wa nailoni ninao, mkono hautetemeki. Ile ngozi ikirudishwa mahali pake inafika kabisa, nimejaribu kwa kidole. Nichemshe sindano na uzi nimshone? Au nitamuua?

---

Bizari_Nzima, saa 2:17

Huyo mbona tayari kashaanza kuandaliwa, bado ndimu na kitunguu saumu. Niko njiani, sahani ninayo.

---

Mama_Cherehani, saa 2:19

Nilisema matani baadaye. Na wewe kiti hutawekewa.

---

Mgosi_wa_Milimani (Lushoto), saa 2:40

Mama, pole sana. Kidonge cha rangi mbili usikiguse, na majivu pia kama kuna mtu yuko njiani kukuletea.

Mwaka juzi kicheche aliniingilia bandani. Aliua wanane, akaacha dume mmoja kachanwa shingoni. Nikampaka majivu kama nilivyoona wazee wakifanya. Damu ikakata, kidonda kikakauka, nikajiona daktari. Siku ya tatu namwona anajikung'utakung'uta, hatulii. Namshika, nabandua lile gamba la majivu kwa ukucha: funza. Wamejaa, wanachemka kama wali unaokaribia kuiva. Gamba lilikuwa limewafanyia dari, na mimi huku nje namshukuru Mungu kidonda kimepona. Alikufa jioni ile ile.

Kwa hiyo toka leo mfunike na chandarua, mchana kutwa. Nzi wakishaona kidonda hawahitaji nusu saa. Mayai yao yanafanana na chenga za mchele, yameshikana kwenye manyoya pembeni ya kidonda. Ukiyaona ondoa palepale, kesho yake ni funza.

---

Dokta_wa_Kihonda (Morogoro), saa 3:25

Mama Cherehani, weka sindano chini. Nitafika kwenye kushona, lakini yako mambo yanayotangulia, na la kwanza halimhusu bata.

Ni vidole vyako. Fundi hakosi tundu la sindano kidoleni, na saa kumi alfajiri sidhani kama ulitafuta glovu kabla ya kukandamiza kidonda chenye mate ya mbwa. Bata mwenyewe si wa kuogopwa, kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha. Mate ndiyo ya kuogopwa. Nawa sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, usikadirie. Kisha pita kituo cha afya uwaeleze ilivyokuwa, waamue wao kama unahitaji chanjo. Mbwa afungwe, asiuawe, aangaliwe siku 10. Akitoroka au akifa ndani ya siku hizo, waambie siku hiyo hiyo. Uwezekano ni mdogo, sikutishi. Ila ugonjwa ule dalili zikianza hauna tiba, kwa hiyo hapo sibahatishi na mtu.

Sasa Shangazi. Miguu ya baridi na macho kufumba ni mshtuko. Ndege wengi walioumwa hufa katika saa za mwanzo kwa mshtuko, kidonda hakijapata hata nafasi ya kuoza, na mara nyingi tunawamalizia sisi kwa kuwashikashika. Mtie kwenye boksi lenye matundu, mahali pa giza na kimya. Chupa ya maji ya moto izungushie kitambaa, iweke upande mmoja tu, ili joto likimzidi aweze kulikimbia. Mwache saa mbili. Watoto, majirani na simu za kupiga picha vikae nje.

Akitulia, mviringishe kwenye kanga, mabawa ndani, kichwa nje. Usimbane kidari. Sisi tuna msuli chini ya mapafu unaotuvutia hewa, ndege hana, yeye anapumua kwa kuinua na kushusha kidari. Watu humkumbatia ndege mgonjwa kwa huruma mpaka wanamziba pumzi. Kwa sababu hiyo hiyo usimfunge bandeji ya kuzunguka kifua.

Kabla ya kumwaga maji popote, angalia yale matundu chini ya bawa. Kuna povu linatoka anapopumua? Ngozi ya pembeni imevimba, ukiibonyeza inalia kama karatasi ya biskuti? Anapumua mdomo wazi, mkia unapanda na kushuka? Ndege ana vifuko vya hewa vinavyotoka kwenye mapafu vikasambaa mpaka tumboni. Jino likitoboa kimoja, ukipiga maji pale umeyapiga kwenye njia ya pumzi. Matundu hayo yafute kwa nje basi.

Cha mgongoni ndicho cha kuosha. Chemsha maji lita moja, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kijiko cha kusawazisha kwa kisu, kama gramu 9 hivi. Yaache yawe vuguvugu. Duka la dawa nunua bomba la sindano la ml 20, sindano yenyewe huihitaji. Manyoya yaliyozunguka kidonda yakate kwa mkasi, usiyang'oe, ngozi itakuja nayo. Kisha osha. Nusu lita isikuume. Inua lile pande la ngozi uoshe chini yake, huko ndiko uchafu uliko. Ukimaliza, chukua iodini ya povidoni uizimue kwa maji mpaka iwe rangi ya chai ya mgonjwa, ile unayouona mdomo wa kikombe upande wa pili, upitishe hapo. Spiriti hapana, Dettol ya kumimina hapana, ile dawa inayotoa povu jeupe hapana, kwa sababu zinaua vijidudu pamoja na nyama changa inayojaribu kuota. Mafuta ya taa mwambie dada yako ayatie kwenye taa.

Kushona: hapana, na si kwa sababu ya mkono wako. Mbwa haumi akaachia, anauma na kutikisa. Ngozi huwa imeachana na nyama mbali kuliko unavyoona, na katikati yake kuna mate na uchafu. Ukishona umeufungia ndani. Na usaha wa ndege haufanani na wetu. Wetu unatiririka, ukiacha upenyo unatoka. Wa ndege unaganda, unakuwa kama jibini kavu, utakaa humo humo. Kidonda cha mbwa cha saa nyingi hata sisi wenye ganzi na vifaa mara nyingi tunakiacha wazi kizibe chenyewe kutoka chini. Ngozi ya ndege inaziba vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Dawa ya maumivu ya binadamu usimpe hata chembe. Diklofenaki hasa. Ndiyo iliyokaribia kuwamaliza tumbusi wa India na Pakistani, walipokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwayo, figo zikakataa. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Zipo za ndege, lakini anazitoa mtaalamu.

Antibiotiki ataihitaji, hilo halina mjadala kwa meno ya mbwa. Dozi siandiki hapa, kwa sababu atakuja mwingine kesho na bata wa kilo tano ainakili. Mpime uzito, uendelee kumtafuta afisa mifugo, na akishindikana nenda Tanga mjini. Ungekuwa hapa Morogoro ningekwambia mpeleke hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaishe.

Na nijibu hili: kile kichuchu cha mafuta juu ya mkia, kile tunachokikata jikoni kwa sababu kinanuka, kipo?

---

Mzee_wa_Pongwe, saa 4:02

Dokta kasema vyema. Mimi nimtetee kidogo yule jirani, japo mbwa ni wake. Aliyejeruhiwa na mnyama akakutwa bado ana uhai, kumchinja inaruhusiwa na nyama ni halali. Na wakati mwingine ndiyo huruma yenyewe. Tusimfanye mama aone dhambi ikifikia huko.

---

Dokta_wa_Kihonda, saa 4:15

Shikamoo mzee. Nakubali. Utumbo ukiwa nje, mfupa umetokeza, au mpaka kesho hawezi hata kuinua shingo, mimi mwenyewe ningesema mpumzishe. Huyu anakunywa maji. Ila mama ajue, akishaanza dawa njia ya sufuria imefungwa, nyama na mayai, mpaka zipite siku atakazoambiwa.

---

Mama_Cherehani, Jumatatu saa 1:30 usiku

Nimerudi. Mzee wa Pongwe shikamoo, na ahsante. Dokta, sijui nikushukuru vipi.

Kituo cha afya nimekwenda. Muuguzi alicheka alipoandika kwamba aliyeumwa ni bata. Akaomba nimwonyeshe mikono, akaacha kucheka. Nimechomwa ya kwanza. Mbwa kafungwa kwa mnyororo, nimeuona kwa macho yangu.

Povu hakuna, anapumua mdomo umefungwa. Kichuchu kipo kizima, meno yamepita kidole kimoja juu yake. Uzito: nilimtia kwenye kanga nikaenda kumning'iniza kwenye mizani ya Mangi, kilo 2 na gramu 300. Mangi akauliza nauza kilo shilingi ngapi. Hii nchi jamani.

Nimemuosha kama ulivyosema, mwanangu mdogo akashika tochi. Nilipoinua ile ngozi nikapiga bomba la kwanza, kikatoka mchanga. La pili, majani makavu. La tano au la sita kikachomoza kitu kama mti, nikakivuta kwa kibanio: shina la unyoya, urefu wa nusu kidole, lilikuwa limesukumwa chini ya ngozi likalala huko. Nilikaa chini. Asubuhi nilikuwa nimeshachagua na rangi ya uzi. Ningeshona vizuri kabisa, mshono wa kujificha usioonekana, na hilo dubwana lingebaki ndani kama pini ndani ya koti la bwana harusi.

Afisa mifugo kapokea saa kumi, alikuwa vijijini kwenye chanjo. Kaja kwa pikipiki, kamchoma sindano, kaniachia dawa ya siku tano na kunitajia siku za kutokula mayai. Naye kasema tusishone.

Sasa alale juu ya nini? Maranda niliyonayo yanamganda kidondani. Nimemtandikia mapande ya vitambaa vya ofisini kwangu, laini kabisa.

---

Dokta_wa_Kihonda, saa 2:05 usiku

Lile shina la unyoya piga picha, likae. Ni somo zuri kuliko maneno yangu.

Mapande ya ofisini yatoe usiku huu huu. Kitambaa kilichokatwa kinatoa nyuzi, uzi ukimzunguka mguuni akawa anavuta, kesho una kidonda cha pili. Na kama pini moja imejificha humo ataimeza. Bata anapenda kinachong'aa, sijui kwa nini, nimeshatoa misumari, vifungo na hereni kwenye firigisi za bata. Tandika taulo kuukuu lililopindwa kingo, badilisha kila likichafuka.

Maji mpe kwenye chombo chenye kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani, maana bata asiposafisha pua zinaziba. Ila chombo kiwe chembamba asiingie. Kuoga asubiri mpaka ngozi izibe. Chakula kiloweke, bata akila kikavu bila maji kinamkwama. Yai la kuchemsha likisagwa na mchicha vitaamsha hamu.

Osha mara mbili kwa siku. Chandarua cha Mgosi usikisahau.

---

Kaka_Mtepe (Kilifi), Jumanne saa 12:50 asubuhi

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi nafuga bata karibu na mto, madume yangu yana tabia ya kuwang'ata majike kisogoni mpaka nyama inaonekana, kwa hivyo vidonda navijua. Ninachotumia baada ya kuosha ni asali. Asali ya nyuki kweli, si ile ya sukari ya kando ya barabara. Inavuta majimaji, kidonda kinabaki na unyevu wake bila kuoza, na kesho yake inaoshwa kwa urahisi. Napaka nyembamba, nafunika kwa shashi isiyonata.

Lakini onyo moja ambalo nililipata kwa machozi: siafu. Nilimpaka jike asali nikamlaza chini ya mwembe, nikarudi nikakuta mstari mweusi kutoka mwembeni hadi kwa bata. Aliponea chupuchupu. Sasa boksi naliweka juu ya meza, na kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo la maji.

---

Dokta_wa_Kihonda, saa 1:15 asubuhi

Asali sina ugomvi nayo. Isigande kwenye manyoya tu, manyoya yakilowa sukari yanaacha kuzuia maji. Marhamu na mafuta mazito hapana kwa sababu hiyo hiyo. Makopo ya maji nimeyapenda.

---

Mama_Cherehani, Alhamisi saa 12:20 asubuhi

DOKTA UKO? Samahani kwa herufi kubwa.

Nimefungua kuosha, ngozi yote kuzunguka kidonda imekuwa KIJANI. Si kijani ya kubahatisha, ni kijani ya sare za shule. Imeshuka mpaka kwenye paja. Jana jioni haikuwepo hivi, au taa ilinidanganya. Dada yangu kaona picha kasema imeoza, imekwisha, mpigie mtoto umwandae. Jirani naye kachungulia juu ya ukuta hakusema neno, ila nilimwona anaangalia kisu.

Hapa nalia huku nachemsha maji.

---

Dokta_wa_Kihonda, saa 12:41 asubuhi

Niko. Futa machozi kwanza ujibu: inanuka? Iguse, ni ya baridi na ngumu, au ina joto kama ngozi nyingine? Anakula?

---

Mama_Cherehani, saa 12:48

Hainuki, inanukia asali. Ina joto. Ni laini. Anakula, jana alimaliza yai lote akanipuliza nilipochukua sahani.

---

Dokta_wa_Kihonda, saa 12:55

Basi hiyo ni damu iliyovilia. Mbwa alimbana kwa taya, mishipa midogo ikapasuka chini ya ngozi. Wewe ukijigonga, pale panakuwa zambarau, panapita kijani, panaishia njano, kwa sababu mwili wako una kimeng'enya cha kuigeuza ile rangi ya kijani. Ndege hana. Yeye damu iliyovilia inafika kijani inabaki kijani mpaka ifutike yenyewe. Huwa inatokea siku ya pili au ya tatu, ndiyo leo.

Nyama iliyokufa haiwi hivyo. Inakuwa nyeusi, baridi, kavu kama ngozi ya kiatu, au inalowana na kunuka. Hiyo ukiiona ndipo uandike kwa herufi kubwa.

Watu wengi sana humchinja ndege siku hii, siku ya kijani, akiwa ndiyo kwanza anapona. Mwambie jirani arudishe kisu jikoni.

---

Mgosi_wa_Milimani, saa 1:10

Hili sikulijua, na nimefuga miaka ishirini. Nimechinja wawili kwa kijani. Haya.

---

Mama_Cherehani, siku ya 11, saa 3 usiku

Taarifa kwa walioulizia inboksi. Mbwa kamaliza siku zake 10 mzima, anabweka kama hakufanya kitu. Kituo cha afya wamejulishwa.

Kijani imefutika kuanzia pajani kwenda juu. Lile pande la ngozi, ncha yake ilikauka ikawa nyeusi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilimpelekea afisa mifugo picha, akasema niiache, na juzi imedondoka yenyewe kwenye taulo. Chini yake kuna nyama mpya, nyekundu, ya chembechembe kama ulimi wa ng'ombe. Kidonda kilichokuwa kiberiti sasa ni kama sarafu ya mia mbili. Kila siku nakipima kwa futi yangu ya kazini, naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Ukurasa wake uko kati ya mama harusi mmoja na sare za kwaya.

Kosa nililofanya: siku ya 8 nilimwonea huruma kwa joto, nikamwacha nje bila chandarua "dakika tano" nikahudumie mteja. Mteja alikuja na magauni manne. Kurudi, chenga za mchele za Mgosi hizo hapo, kundi zima kwenye manyoya chini ya mkia. Nikakata manyoya yale nikayatia moto, nikaosha mara tatu siku hiyo. Hakuna aliyewahi kuangua. Mgosi, dume lako halikufa bure kaka.

---

Mama_Cherehani, siku ya 26, saa 11 jioni

Ya mwisho hii, nina sare za kwaya.

Kidonda kimefunga. Pamebaki kovu la waridi kama ufa, na kandokando yake vinachomoza vishina vipya vya manyoya, vyeusi vyenye damu ndani, sivigusi. Mkia bado ni kichekesho, ana manyoya mawili. Jana nimempa beseni kwa mara ya kwanza. Alilizunguka mara mbili akilipuliza, akaingia, na kitambaa cha mteja kilichokuwa kwenye kamba mita tatu kutoka hapo kikaloa chote.

Jirani kaleta waya mzito wenye matundu madogo na fundi wa kuukaza, banda limezungushwa mpaka chini ya udongo. Hakusema samahani, ila aliushika ule waya fundi alipokuwa anapiga misumari.

Na mwanangu kapiga Jumapili kwa simu ya patroni. Nikamweleza yote, kuanzia mbwa mpaka beseni. Akanyamaza, nikadhani simu imekata. Akauliza, "Mama, bado anapuliza?" Nikamsogezea Shangazi simu.

---

Bizari_Nzima, saa 11:04

Hongera dada. Sasa mimi kiti nitapata?

---

Mama_Cherehani, saa 11:06

Muulize mwenyewe, yuko mlangoni.